Kidonge cha Kuzima Njaa

Kichupa kilikuwa na vidonge 60. Kwenye karatasi yake palikuwa na picha ya mmea wenye miiba, na nyuma yake jua likizama jangwani. Nilikinunua kwa mwenzangu wa kazini kwa shilingi 85,000, nikamlipa kwa awamu mbili maana mwezi huo kodi ya chumba ilikuwa imenibana. Sikumwambia mtu. Nilikificha kwenye mfuko wa begi ninamoweka chaja, na kila siku saa nne asubuhi, wenzangu wakiagiza chai na chapati, mimi nilikwenda msalani nikameza viwili.

Nilikuwa na kilo 79. Miezi kumi na minne kabla ya hapo nilikuwa na 68. Kilichobadilika katikati ni kiti. Nilipoanza masomo ya uzamili nilitafuta kazi ya kunisaidia ada, nikapata ya kunukuu mahojiano: navaa vifaa vya kusikilizia, nasikiliza rekodi za watafiti wakiwahoji watu, naandika kila neno. Rekodi ya saa moja hula saa nne au tano za kukaa. Mwenye kuhojiwa akiwa mzee mwenye kikohozi, au jirani akiwa anatwanga karibu, hula sita. Kutoka kazini nakaa kwenye daladala, nikibahatika kupata siti. Nikifika chumbani nakaa tena mbele ya tasnifu yangu hadi saa saba usiku.

Ungedhani mwili usiofanya kazi ungeomba chakula kidogo. Wangu ulidai zaidi. Nilikula wali maharage saa saba mchana, saa tisa tayari namfikiria mama wa sambusa anayepita getini. Usiku ilikuwa chipsi. Haikuwa njaa ya kutetemeka mikono, ile niliyoijua bweni la sekondari. Ilikuwa kitu kingine kilichovaa nguo za njaa, na sikuwa na jina lake.

Sasa niseme jambo linalonitia aibu zaidi ya kilo. Tasnifu yangu inahusu njaa. Naandika juu ya Mtunya, njaa iliyoipiga Ugogo kati ya 1917 na 1920. Jeshi la Wajerumani, na baadaye la Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo kwa ajili ya vita vyao, kisha mvua zikakosekana. Mama yake bibi yangu alikuwa mtoto mdogo miaka hiyo. Kwa hiyo kila usiku nilikuwa nikisoma habari za watu waliokufa kwa kukosa chakula, na kila asubuhi nilikuwa nikitoa fedha ya mkopo ili nisisikie njaa. Wiki tatu sikuyaunganisha mambo haya mawili. Yalikuwa kwenye mafaili tofauti, kama tusemavyo ofisini.

Siku niliyoyaunganisha ilikuwa ya Alhamisi. Moyo ulikuwa ukidunda kama nimepanda ngazi, ilhali nilikuwa nimekaa. Kichefuchefu kilikuja, kikaenda, kikarudi. Nikakitoa kichupa nikasoma maandishi yake kwa mara ya kwanza kama mwanafunzi wa historia anavyotakiwa kusoma waraka: nani kaandika, lini, kwa faida ya nani. Chini ya picha paliandikwa kwamba siri hii ni ya “wawindaji wa kale wa Afrika”. Wawindaji gani? Wa wapi? Jina lao halikuwepo.

Mmea unaitwa hoodia. Ukiuona utasema ni dungusi kakati, lakini si wa ukoo huo. Unaota kwenye nyika kavu za kusini mwa Afrika, katika nchi za Namibia, Botswana na Afrika Kusini. Maua yake yananuka kama nyama iliyooza, na nzi ndio wanaoyachavusha. Wasan, ambao wazee wao wamewinda Kalahari tangu zamani mno, walikuwa wakikata kipande cha shina, wakakwangua miiba, wakatafuna njiani. Njaa na kiu vikatulia, na mwindaji akaweza kufuata nyayo za mnyama siku nzima bila tumbo kumrudisha nyumbani.

Baraza la utafiti wa sayansi la Afrika Kusini, CSIR, lilianza kuchunguza mimea ya porini inayoliwa mwaka 1963. Hoodia haikuokotwa kwa bahati. Iliingizwa kwenye orodha kwa sababu vitabu vya mimea vilikuwa vimeshaandika kwamba Wasan wanaitumia kuzuia njaa. Utafiti ulichukua miongo mitatu, na mwaka 1995 baraza likaomba hataza juu ya kemikali zilizomo ndani ya shina, zile zinazodhaniwa kuzima hamu ya kula. Wasan hawakuulizwa, wala hawakuarifiwa.

Hapa kuna tarehe inayonikera kidogo. Tarehe 22 Mei 1992, Nairobi, wajumbe wa nchi nyingi walikubaliana juu ya maandishi ya Mkataba wa Bayoanuwai, unaosema pamoja na mengine kwamba maarifa ya jamii za asili yaheshimiwe na faida yake igawanywe kwa haki. Afrika Kusini iliuridhia mkataba huo mwaka 1995. Mwaka uleule wa maombi ya hataza. Huenda ofisi zilizoshughulikia mambo hayo mawili zilikuwa mbalimbali, kama mafaili yangu.

CSIR ikatoa leseni kwa kampuni ya Uingereza, Phytopharm, na mwaka 1998 Phytopharm ikaipa Pfizer haki ya kuitengeneza dawa. Fikiria thamani yake: mamilioni ya watu wanaokaa kwenye viti, wenye kipato cha kununua chakula na cha kununua pia kutokitamani. Mwaka 2001 gazeti la Uingereza, The Observer, likaifichua habari. Mkuu wa Phytopharm alipoulizwa juu ya wenye maarifa, alijibu kwamba watu hao walishatoweka. Wakati anasema hivyo, Wasan walikuwa wapatao 100,000 kusini mwa Afrika, wengine wakiwa na wakili. Jina la wakili huyo ni Roger Chennells.

Nimelirudia jibu lile mara nyingi. Mimi na wenzangu wa historia tunawajua watu wa aina hii kwenye nyaraka za wakoloni: afisa anaandika kwamba eneo fulani “halina watu”, kumbe wamehama na ng'ombe kwa msimu mmoja. Lakini zile ni nyaraka za 1920. Hii ni ya 2001. Nilikuwa nimezaliwa.

Machi 2003 CSIR na Baraza la Wasan la Afrika Kusini walitia saini makubaliano. Wasan wangepata asilimia 8 ya malipo ambayo CSIR ingepokea katika kila hatua ya utafiti, na asilimia 6 ya mrabaha dawa ikianza kuuzwa. Yalikuwa miongoni mwa makubaliano ya kwanza ya aina yake duniani, na wanasheria bado wanayafundisha. Mwaka huohuo Pfizer ikajitoa. Mwishoni mwa 2004 kipindi cha 60 Minutes cha Marekani kikampeleka mtangazaji Lesley Stahl Kalahari, akala kipande cha hoodia mbele ya kamera na kusema hakusikia njaa siku nzima. Vichupa vikafumuka kila mahali. Mahitaji yakawa makubwa kiasi kwamba mwaka huo biashara ya mmea huo ikawekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kulinda viumbe walio hatarini. Desemba 2004 Unilever ikaingia, ikitaka kuutia kwenye vinywaji vya kupunguza uzito. Novemba 2008 nayo ikaacha.

Sababu ya kuacha ilieleweka vizuri mwaka 2011, yalipochapishwa matokeo ya jaribio. Wanawake wenye uzito uliozidi walipewa hoodia iliyosafishwa kwa siku 15, wengine wakapewa kitu kisicho na dawa. Waliomeza hoodia hawakula kidogo kuliko wenzao, wala hawakupungua zaidi. Walichopata ni kichefuchefu, kutapika, hisia za ajabu kwenye ngozi, shinikizo la damu lililopanda na mapigo ya moyo yaliyoongezeka. Nilisoma orodha hiyo nikiwa na kidole kwenye mshipa wa mkono. Hata hivyo siwezi kuapa kwamba hoodia ndiyo iliyonidunda. Sijui ndani ya kichupa changu kulikuwa na nini, na aliyeniuzia hajui, na yule aliyemuuzia yeye nadhani hajui pia.

Kwa hiyo Wasan walidanganya? Sidhani. Mwindaji aliyekuwa akitafuna shina bichi, anatembea juani, anatazama nyayo, ana kila sababu ya kuahirisha njaa mpaka nyama ipatikane. Alikuwa anailaza njaa ili afike kwenye chakula. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiyoyozi, chakula kiko getini, nataka kisinifikie.

Nikaanza kutafuta hiyo njaa ya kiti imeandikwa wapi. Nilikuta makala ya 1956 ya Jean Mayer na wenzake, waliochunguza wanaume 213 kwenye kiwanda cha magunia ya juti huko Bengali Magharibi, India. Wapo waliobeba mizigo mizito siku nzima, wapo mafundi, wapo makarani, na wapo waliokaa kwenye vibanda vya biashara kutwa. Kwa wafanyakazi wa kazi nyepesi hadi nzito, mambo yalikwenda kama unavyotarajia: kazi ikiongezeka, chakula kinaongezeka, uzito unabaki palepale. Ila upande wa wakaaji grafu iligeuka. Wenye vibanda walikula zaidi ya wenye kazi nyepesi, na walikuwa wazito kuliko wote. Mayer alikuwa ameshaona jambo kama hilo kwa panya. Maoni yake yalikuwa kwamba kipimo cha njaa kinahitaji mwendo kidogo ili kifanye kazi, na chini ya kiwango fulani kinapotea njia.

Nilicheka peke yangu kwenye chumba cha kusomea. Nilikuwa nimejiita mroho mwaka mzima. Kumbe nilikuwa muuza duka wa Bengali.

(Wasomi wa baadaye wamemkosoa Mayer, na ni haki yao. Wenye vibanda walikuwa na sababu nyingine za kula vizuri, mojawapo ikiwa fedha. Lakini ile grafu sikuweza kuitoa kichwani.)

Utafiti mwingine ulinitoa furaha niliyoipata. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe watu wazima 30, hapa kwetu, kando ya Ziwa Eyasi. Wanaume wa Kihadzabe walikuwa wakitembea takriban kilomita 11 kwa siku wakiwinda na kufuata asali, wanawake karibu 6 wakichimba mizizi na kuchuma matunda. Walipopimwa nishati yote wanayotumia kwa siku, na ukubwa wa miili ukazingatiwa, haikuwa tofauti na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa maofisini. Mwili wa mtembeaji unabana matumizi mahali pengine. Maana yake, kama Pontzer yuko sahihi, siwezi kutegemea mwendo peke yake unipunguze. Wahadzabe si wembamba kwa kuwa wanachoma sana. Tofauti kubwa iko kwenye kinachoingia mdomoni.

Nikabaki na vipande viwili visivyokaa pamoja vizuri. Mmoja ananiambia mwendo hauchomi mafuta kama tunavyodhani. Mwingine ananiambia pasipo mwendo njaa inapotea njia. Ukivitazama kwa muda mrefu vinaweza kuishi nyumba moja, na nyumba hiyo ndiyo ninayoikaa sasa: natembea kwa ajili ya kichwa cha njaa, si kwa ajili ya mizani. Kila rekodi ya dakika 40 nasimama, nashuka ghorofa tatu, napanda. Pia nililala. Chicago, mwaka 2004, vijana 12 waliolala saa nne tu kwa usiku mbili walionekana kuwa na homoni ya njaa iliyopanda kwa asilimia 28, nao wakataka vitu vitamu na vya chumvi kuliko mboga. Tasnifu yangu iliyoandikwa saa saba usiku nilikuwa nailipia kwa chipsi.

Ila kabla sijafika huko nilikwenda nyumbani.

Bibi anaishi Chamwino, mkoa wa Dodoma. Nilipanda treni ya SGR Ijumaa jioni, nikakaa tena, na Jumamosi asubuhi nilikuwa uani kwake. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku akinizungusha kwa mikono kama anakagua kitambaa.

“Mke mwenzangu, umenawiri,” akasema. “Mjini wanakulisha.”

Dar neno hilo lingenikosesha usingizi. Bibi alilisema kama anavyosema mvua zimekuwa nzuri.

Akapika ugali wa mtama na mlenda, akaweka na karanga. Nilikuwa nimemeza vidonge viwili kabla ya kutoka Dodoma mjini, kwa mazoea. Nikamega matonge matatu nikanawa. Bibi hakusema kitu. Akafunika sahani. Jioni nikafanya hivyohivyo. Akafunika tena. Asubuhi ya Jumapili nikamkuta amekaa kwenye kigoda, uso umebadilika, akaniuliza kwa sauti ya chini kama naumwa, au kama nina mimba, au kama chakula chake siku hizi kinanikera.

Sikuwa nimejiandaa kwa lile la tatu. Nikaingia ndani nikaleta kichupa.

Alikigeuza, akatikisa, akasikiliza. Nikamweleza. Kwamba ndani kuna kitu cha kufanya mtu asisikie njaa. Kwamba nakaa sana, nimenenepa, daktari wa zahanati alinionya juu ya shinikizo la damu, na baba alikufa nalo, kama anavyojua. Baba alikuwa mwanawe. Nilipolitaja hilo aliacha kukitikisa kichupa.

Tukakaa kimya. Halafu akaanza kunisimulia ukame wa 1973 hadi 1975, wakati wa unga wa yanga, yale mahindi ya njano yaliyotoka nje. Alikuwa na watoto watatu. Nilikuwa nimemhoji juu ya miaka hiyo mara mbili kwa ajili ya tasnifu, na mara zote mbili alinipa majibu mafupi, ya heshima, yanayofaa kunukuliwa. Safari hii simu yangu ilikuwa ndani ikichajiwa. Akasema mama yake, yule wa Mtunya, ndiye aliyemfundisha kujifunga kitambaa tumboni, chini ya mbavu, kwa nguvu, kabla ya kwenda kutafuta chakula mbali. Ukifunga vizuri, njaa inalala kama mtoto mgongoni. Unatembea nayo. Lakini huwezi kufunga kabla ya kuondoka, ukakaa nyumbani. Ukikaa umefunga, unalegea, hutoki tena.

“Kitambaa ni cha safari,” akasema.

Sikuwa na la kuongeza. Kila nilichokuwa nimekisoma juu ya Kalahari kilikuwa pale kwenye kigoda.

Kisha akauliza bei. Nikasema elfu arobaini na tano, nikipunguza karibu nusu, na bado alishika kichwa. Akahesabu kwa madebe ya mtama, akaishia njiani. Akauliza ni mti gani. Nikamweleza habari ya Wasan, uwindaji, kampuni, wakili, asilimia 6. Bibi hakusoma shule ndefu, lakini ng'ombe za mahari amezigawa mara nyingi, asilimia haikumshinda.

“Wakapata ngapi?”

Nikamwambia kwamba fedha kidogo za hatua za mwanzo zilifika, lakini dawa yenyewe haikufika dukani, kwa hiyo ile asilimia 6 ni ya kitu ambacho hakikuuzwa. Na hivi vinavyouzwa vichochoroni, kama hiki, haviwahusu wenyewe kwa lolote.

“Na wewe umewalipa nani?”

Mchana nilikula. Si kwa kumridhisha tu. Asubuhi tulikuwa tumetembea hadi mashine ya kusaga, kwenda na kurudi, na debe kichwani kwa zamu, na njaa iliyokuja ilikuwa ile ya bwenini, yenye mwanzo na mwisho. Nilimega matonge nikashiba, na nikajua nimeshiba. Muda mrefu sikuwa nimeipata hali hiyo.

Sasa nina kilo 75. Zinashuka kwa uvivu, wiki nyingine zinapanda. Mama wa sambusa bado anapita getini, namnunulia moja, Jumatano na Ijumaa. Sura ya tatu ya tasnifu nimeiandika upya, nikaweka kitambaa ndani yake, kwa ruhusa yake. Msimamizi wangu ameandika pembeni: chanzo?

Kichupa nilikiacha Chamwino. Nilipompigia bibi mwezi uliopita alisema vidonge alivimwaga chooni, lakini kopo ni zuri, mfuniko wake unakaza, mdudu hapiti. Ametia humo mbegu za mlenda za msimu ujao.